Jiwe la Nane

Kikambala,
3 Septemba 1986

Mke wangu Shekha,

Assalaam alaykum. Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, khofu yangu ni juu yenu, na zaidi juu ya Fatu.

Tangu mlipoondoka hapa baada ya Idd, kila nikipita mbele ya tangi la samaki la hoteli namwona mtoto wetu amebandika pua kwenye kioo. Miezi mitano tangu surua imwachie hakutoa neno, wala hakula ila kwa kubembelezwa, na daktari anasema hana ugonjwa. Kisha mbele ya kioo kile akasema, “Baba, yule ana mistari.” Maneno manne, Shekha. Mpaka leo nayahesabu.

Sasa sikiliza. Hoteli imetoa tangi moja la zamani, dogo, lenye ufa pembeni. Nimeuziba ufa kwa gundi na kulijaza maji siku tatu, halivuji. Thuku, dereva wa lori la mboga, atakuletea Jumatano pamoja na pampu yake ya hewa. Tutampangia Fatu bahari yake ndani ya nyumba.

Usiliweke dirishani. Jua likilipiga, maji yatageuka kijani kama birika la msikiti uliohamwa. Liweke ukutani mkabala na kitanda cha Fatu, juu ya kitu kizito kisichoyumba. Maji yaletwe kutoka upande wa kusini, si pwani ya mjini, maana mto ukifurika bahari ya mjini hugeuka nyekundu.

Najua hupendi kuamrishwa. Lakini hapa mimi ndiye ninayeangalia tangi la hoteli, kila siku mikono imo majini, kwa hivyo safari hii nifuate hata pale nitakapokuudhi.

Nakutakia salama.
Mumeo,
Zubeir


Shella, Malindi,
12 Septemba 1986

Baba Fatu,

Waalaykum salaam. Sisi huku tu wazima, tunakula na kulala, shaka zetu ni kwako uliye mbali.

Tangi limefika salama. Thuku alilibeba kama mtoto mchanga, akalitua juu ya lile sanduku la mti la marehemu bibi yangu. Ndiyo, sanduku la harusi. Usiniulize nguo nimeziweka wapi. Wewe ulitaka kitu kizito kisichoyumba, na katika nyumba hii vizito ni viwili, sanduku na mimi.

Fatu alikaa mbele ya tangi tupu tangu adhuhuri hadi alasiri. Halina kitu ndani, na hakubanduka. Nilipomletea uji akaunywa wote bila ya kuuliza nani atamlisha. Nikaenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikaosha uso.

Mamangu alikuja akauliza samaki watakuwa wa kupaka au wa kukaanga.

Shauri langu juu ya mpango ni hili. Hao samaki ni wageni, na mgeni hukaribishwa nyumbani kwa utaratibu. Mbele kwenye kioo pawe wazi, mchanga mtupu, hiyo ndiyo baraza. Katikati mawe mawili yenye mlango, huo ni ukumbi. Nyuma kabisa giza, vyumba vya ndani, wanakoingia wasiotaka kutazamwa. Nyumba gani isiyo na ndani? Hata mimi nisingekaa. Niambie kama nimekosea, mwenye mikono majini.

Mkeo,
Shekha


Kikambala,
20 Septemba 1986

Mke wangu Shekha,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, kazi inaendelea vyema, na barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa uji wa Fatu na mara ya pili kwa sanduku.

Hukukosea. Baraza mbele, ukumbi katikati, ndani nyuma. Hata mwenye hoteli hakuwahi kulipanga tangi lake kwa akili hiyo.

Thuku anakuletea gunia moja la mchanga na gunia moja la mawe ya mwamba, yamefungwa mbichi na maji ya bahari. Nimezamia mwenyewe, nimechagua jiwe moja moja kwa mkono wangu. Ni saba. Makubwa matatu yajenge ukuta wa nyuma, lakini yasiegemee kioo, uache upenyo wa vidole viwili maji yapite. Mawili yenye tundu yafanye mlango wa ukumbi. Madogo mawili yafiche mpira wa pampu, usionekane kama utumbo.

Usiyashike mkono mtupu. Mafuta ya mkono yanaudhi vilivyomo. Shika kwa kitambaa au sukuma kwa mwiko.

Mwambie Fatu nyumba ikiwa tayari nitaleta wenyeji.

Mumeo,
Zubeir


Shella,
1 Oktoba 1986

Baba Fatu,

Sisi tu wazima. Sijui wewe, maana barua yako imejaa mawe haina afya yako.

Nimepanga. Mgongo unaniuma, na mwiko wangu wa pilau sasa ni wa mwamba. Ukuta wa nyuma umesimama, mlango upo, mpira umefichika. Fatu alikuwa akionyesha kwa kidole, hili hapa, lile kule, na nikimkosea anatikisa kichwa kama fundi wa waashi. Jana amesema, “Bado.” Neno moja, lakini alilisema kwa ukali wako.

Hesabu yako lakini haikukaa sawa. Uliandika saba, mimi nimetoa manane. Hilo la nane lilikuwa chini kabisa ya gunia, limeganda, lina utelezi na ukungu wa kijani, limeparara kama kisigino cha hamali. Sikulishika, nililimimina pamoja na maji. Kwanza nikaliona baya, sasa nimelizoea, na Fatu ndilo analolipenda. Nililiweka katikati, asubuhi nikalikuta limegeuka kidogo. Nadhani pampu inalisukuma.

Je, ni lako au limejiingiza lenyewe? Na mahali pake ni wapi?

Mkeo,
Shekha


Kikambala,
8 Oktoba 1986

Mke wangu Shekha,

Nakusalimu sana. Mimi mzima wa afya, haya nimeiandika.

Jiwe la nane nilikuwa nangojea uliulize. Hilo ni zawadi. Nililiona peke yake chini ya mwamba nikasema hili ni la Fatu. Sikuliandika ili limshangaze. Msomee haya maneno: Fatu mwanangu, mawe saba ni ya samaki, jiwe la nane ni lako, Baba amekuchagulia.

Mahali pake ni mbele, pembe ya kulia, karibu na kitanda, ili akifungua macho alione.

Samaki wanakuja na Thuku Jumapili ndani ya mifuko ya nailoni. Ni watano, wadogo wote: vitatange wawili wenye mistari, kangaja mmoja, na wawili wa buluu ambao jina lao nitakuuliza wewe ukishawapa. Wape dagaa waliosagwa, chembe tu.

Wakishazoea, mwezi mmoja hivi, Fatu ataweza kuwalisha kwa mkono. Hapa tunafanya hivyo, na samaki wanakuja wenyewe vidoleni. Mtoto aliyezoewa na samaki atasema tu, hata akitaka kunyamaza.

Mumeo,
Zubeir


Shella,
19 Oktoba 1986

Baba Fatu,

Nianze na lipi? Sisi wazima, wazima, wazima.

Wamefika watano, wote wanapumua. Mamangu alisimama mlangoni akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na wallahi mwenyeji anapona. Fatu amewapa majina yote kwa sauti. Vitatange ni Bibi na Bibi Mwengine. Kangaja ni Thuku, kwa sababu ana haraka. Wa buluu ni Jumatatu na Jumanne. Asubuhi anawaamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha anauliza kwa nini hawaitiki. Jana alisema maneno mengi mpaka nikapoteza hesabu, na wewe unajua mimi sipotezi hesabu.

Jiwe la nane liko pembeni pale ulipoagiza. Analiita Jiwe la Baba. Akilala anageuka upande huo. Barua yako ameniomba, ameikunja na kuitia chini ya mto.

Zubeir, mimi nilikucheka kwa tangi hili. Naomba radhi.

Mkeo akupendaye,
Shekha


Shella,
10 Novemba 1986

Baba Fatu,

Salamu. Sisi wazima, na samaki wote wazima.

Mvua imeanza na bahari ya mjini imeshageuka nyekundu kama ulivyosema. Bahati nilijaza madebe mapema.

Nina maswali mawili matatu ya ujinga. Je, samaki huweza kujificha mchangani siku nzima asionekane? Je, kitatange huweza kuruka akatoka nje? Na kama ingewezekana, utuletee wengine wawili wa buluu, wawe na wenzao, si kwa lolote.

Fatu anakula vizuri. Amenenepa shingo.

Mkeo,
Shekha


Kikambala,
17 Novemba 1986

Mke wangu Shekha,

Salamu. Mimi sijambo.

Nimefurahi kwamba wote wazima. Ungejua ni matangi mangapi hufa mwezi wa kwanza, ungejisifu. Samaki hujificha, ndiyo, hasa wakishiba. Wa buluu nitawatafuta nikizamia tena.

Mwezi umetimia, basi mfundishe kulisha. Anawe mikono bila ya sabuni. Aushushe mkono wa kulia polepole katika pembe ile ya mbele, karibu na jiwe lake, vidole vimekutana, autulize mpaka chini kabisa mchangani. Asitapetape. Wewe mshike kifundo ili asitetemeke. Watakuja.

Siku hiyo niandikie upesi nijue amesema nini.

Mumeo,
Zubeir


Shella,
24 Novemba 1986

Zubeir,

Sisi tu wazima, lakini nimekuficha jambo na sasa limenishinda.

Samaki si watano. Ni mmoja. Jumanne alipotea wiki ile ya pili. Nikasema amejificha. Kisha Jumatatu, kisha yule uliyemwita kangaja, kisha Bibi. Hawafi, maana maiti sijaona hata mmoja. Asubuhi naamka, mmoja hayupo. Nilimshuku paka wa jirani, nikafunika tangi kwa kawa na mawe juu yake, akapotea mwengine papo hapo chini ya kawa. Ufa hauvuji. Mchanga nimeufukua kwa mwiko.

Sikukwambia kwa sababu wewe uliandika kila kitu kwa utaratibu, na mimi nikaona aibu kwamba nimeharibu kazi yako. Nilidhani nimekosea chakula, au ule mpango wangu wa baraza na ukumbi ndio umewadhuru. Mficha uchi hazai, nayajua hayo, lakini kila nikishika kalamu mkono unaandika “wazima.”

Fatu nilimwambia wamelala ndani. Jana alinitazama akasema, “Mama, ndani nimechungulia.” Kisha akanyamaza mchana kutwa.

Uliza huko, wewe uko na mabingwa. Amebaki Bibi Mwengine tu. Ahadi ya kulisha kwa mkono siwezi kuivunja, atanyamaza tena. Nimemwambia Jumatatu, tarehe mosi. Samaki mmoja pia anatosha kuja kidoleni.

Shekha


TELEGRAMU
KUTOKA KIKAMBALA, JUMAMOSI 29 NOVEMBA 1986
KWA SHEKHA, SHELLA MALINDI

MTOTO ASITIE MKONO TANGINI. JIWE LA NANE SI JIWE NI SAMAKI WA SUMU. MSILIGUSE. ZUBEIR


Hospitali, Malindi,
Jumatatu 1 Desemba 1986

Zubeir,

Simu yako ililetwa adhuhuri, mamangu ndiye aliyeipokea akaja nayo mbio hospitali. Kumbe Jumapili posta imefungwa. Fatu alitia mkono saa mbili asubuhi.

Tulifanya kama ulivyoandika. Alinawa bila ya sabuni. Nilimshika kifundo. Aliushusha polepole, vidole vimekutana, na mimi ndiye niliyemwambia shusha tena, shusha mpaka chini, usiogope. Akataka kulipapasa Jiwe la Baba. Nikamwambia lipapase.

Sijapata kusikia sauti ile kwa mtu. Mkono ulivimba mbele ya macho yangu mpaka bega. Walimtia mkono katika maji ya moto na kumdunga sindano, amezirai mara mbili. Daktari hasemi atapona, wala hasemi hatapona.

Njoo.

Shekha


Kikambala,
14 Desemba 1986

Shekha,

Salamu nakupa, ingawa sijui kama nina haki nayo.

Siku tisa nilikaa kando ya kitanda kile. Nilikuwepo walipomkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilikuona unanitazama ukingoja niseme, na nikafumba macho nikajifanya mwenye usingizi. Nakuandikia kwa sababu karatasi hainitazami.

Mimi si mwangalizi wa tangi. Sijawahi kuwa. Ni mfagiaji wa ukumbi ule. Anayeliangalia tangi ni mzee Kahonzi, na siku za Idd alikuwa amekwenda kwao, ndipo nikaazima wavu wake nikasimama mbele yenu. Fatu aliponitazama vile, nikashindwa kuurudisha ule wavu. Yote niliyokuandikia juu ya mawe na kioo nimeyaokota kwa kutazama upande wa mbele, huku nimeshika ufagio.

Mawe sikuzamia. Sikio langu lilipasuka mwaka wa kwanza nilipofika huku, siwezi kuzama hata kifuani. Nilimwomba Garama, mtunza bustani, mtu wa Ganze, aliyekua na mahindi na ukame, bahari kaiona akiwa na ndevu. Alikwenda na koleo maji yalipokupwa, akachota. Nilimwambia saba, na saba ndiyo niliyoandika. Gunia sikulifungua. Garama hana kosa. Angenituma mimi kwao nimchagulie mbegu, ningemletea kokoto.

Uliponiuliza jiwe la nane, ningeweza kuandika sijui. Neno moja tu. Nikaona utashuku, nikaandika ni zawadi.

Nilipopata barua yako ya samaki kupotea ndipo nikaenda kwa Kahonzi. Hakungoja nimalize. Akauliza, mawe mliyachoma kwa ncha ya chuma moja moja kabla ya kufunga? Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ile, jiwe likitikisika halikuwa jiwe. Kila mshika wavu anaijua. Mimi nimefagia pale miaka miwili sikuisikia, kwa sababu mawe huchomwa ufukweni, si ukumbini.

Na la mwisho ndilo baya. Jumamosi ile ningeweza kupanda basi, jioni ningekuwa mlangoni. Sikupanda. Ningekuja, ungeniuliza umejuaje, na kwa nini hukujua. Telegramu haiulizwi maswali. Nikalala Jumamosi, nikalala Jumapili, nikijiambia imeshafika.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imempita mtoto katikati.

Mwambie Fatu lile jiwe sikumchagulia mimi. Tafadhali, mwambie hilo tu.

Zubeir


Shella,
6 Januari 1987

Zubeir,

Sisi huku si wazima. Nimeanza barua hii mara nne kwa neno lile tulilofundishwa, na mara nne nimelikata. Laiti ningelikata mwezi wa kumi na moja.

Nimeisoma barua yako. Sikukuchukia kwa ufagio. Nilijua. Shati ulilovaa siku ya Idd lilikuwa refu mikono, si la kipimo chako, na mzee mmoja wa hoteli alipokupita alikuita “wa ukumbini.” Nilinyamaza ili usione haya mbele ya mtoto. Basi na hilo nalo niandikie katika hesabu yangu. Wewe ulidanganya jiwe, mimi nilidanganya samaki, na nilikustahi pale iliponipasa kukuuliza. Tulikuwa watu wenye adabu sana, mimi na wewe. Basi ndiyo hivyo.

Lakini kwa Jumamosi ile na Jumapili ile, hapo sijafika. Usinihimize.

Yule samaki alitolewa na mvuvi jirani, kwa mkuki. Alimpasua uani. Bibi Mwengine alikuwa tumboni, mistari bado inaonekana. Maji nimeyamwaga. Mawe saba yako nje ya mlango wa uani, tangi lipo pale pale juu ya sanduku, tupu. Nilitaka kuliondoa, Fatu akalishika kwa mkono wa kushoto asiachie.

Kidonda kinafunga. Mwalimu wa chuo cha Kurani amesema ataandika kwa kushoto na hakuna dhambi. Kula bado anang'ang'ania kwa mkono ule ule wa kulia, kwa vile vidole viwili, wali unamwagika, na ukimsaidia anaacha kabisa.

Hasemi. Tangu Desemba hajasema, ila mara moja. Uliniagiza nimwambie, nikamwambia. Nilikaa naye mbele ya tangi tupu nikasema, Fatu, lile jiwe Baba hakulichagua, liliingia lenyewe guniani, Baba hakulijua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatia mkono chini ya mto akatoa barua yako ya mwezi wa kumi, imechanika mikunjo, akanipa.

“Soma,” akasema.

Nikasoma. Mawe saba ni ya samaki, jiwe la nane ni lako, Baba amekuchagulia.

Akaichukua, akaikunja, akairudisha chini ya mto. Kesho yake akanipa tena, alininyooshea tu. Kila siku ananipa. Nikijaribu kubadilisha neno ananifunga mdomo kwa mkono ule wenye bendeji, maana ameshaihifadhi.

Mimi siwezi kuisoma tena. Hii si kazi ya karatasi, na wala usimtume Thuku. Panda basi, Zubeir, uje ukae kitandani pake, akunyooshee barua yako, uisome wewe.

Shekha